Ufadhili wa uzamili wa kupiga muziki ukiwa Uganda: anza na rekodi, fomu itafuata

Kila inapokaribia Agosti simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni vijana niliowafundisha tarumbeta, na wengine nimekutana nao tu kwenye kwaya na bendi za Kampala, Jinja na Mbale. Swali lao huwa lilelile: "Mwalimu, kuna skolashipu gani ya muziki mwaka huu?" Nami huwauliza, "Una rekodi gani?" Hapo wengi hunyamaza.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya ukimya huo. Anayetafuta pesa za kusomea uhandisi au afya ya jamii huanza na alama zake. Anayetaka kusomea upigaji husikilizwa kwanza, alama zake zikasomwa baadaye. Halafu pesa nyingi za upigaji hazimo kwenye ile mifuko mikubwa inayotangazwa magazetini. Zimo ndani ya vyuo vya muziki vyenyewe, na hugawanywa kwa kufuata matokeo ya usaili. Ukilielewa hilo mapema utajiokolea miaka. Mimi niliomba mara tatu, na mara mbili za mwanzo nilishindwa kwa sababu ambazo mtu angeniambia ningezikwepa.

Serikalini usitarajie njia fupi. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya 2014 hukopesha wanafunzi wa stashahada na shahada ya kwanza, na kipaumbele chake ni sayansi. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa sanaa, wa muziki wakiwemo, wakagoma. Ndiyo hali tuliyo nayo. Inaumiza, lakini ni vizuri kuijua kabla ya kupoteza nauli ya kuzunguka maofisini.

Hatua ya kwanza: taja kwa usahihi unachotaka kusoma

Uzamili wa muziki una milango zaidi ya mmoja. Kuna upigaji, ambako unapimwa kwa chombo au sauti yako. Kuna utafiti wa muziki wa jamii, ambako unapimwa kwa maandishi. Kuna ualimu wa muziki. Kila mlango una mfuko wake, na watu wengi hukosa pesa kwa sababu wamebisha hodi kwenye mlango usio wao.

Mfano ni skolashipu za Jumuiya ya Madola zinazotolewa na Uingereza. Uganda imo, lakini maombi hupangwa chini ya mada za maendeleo: afya, sayansi, utawala, kujumuisha walioachwa nyuma na kadhalika. Mpiga fidla anayetaka kunoa mkono wake wa upinde atapata shida kujieleza humo. Mwalimu wa muziki mwenye mpango wa kufundisha watoto wasioona ana la kusema. Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea, ni vivyo hivyo. Ina nguvu sana nchini mwetu, na ruzuku zake za kimataifa za masomo huanzia dola 30,000, ila ni lazima masomo yaingie katika moja ya maeneo yake saba, na upigaji wa muziki si mojawapo. Ualimu wa muziki unaweza kuingilia upande wa elimu ya msingi. Upigaji mtupu hauingii, na kuulazimisha ni kujichosha bure.

Hapa nina jambo la kuwaambia wanangoma. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli yenyewe ambayo watu wamekusanyika kuifanya. Wazungu huvitenganisha hivyo vitatu, na fomu zao pia. Kama unacheza na kupiga kwa pamoja, tazama pia uzamili wa Choreomundus, unaohusu maarifa na urithi wa uchezaji. Huendeshwa na vyuo vinne vya Ulaya, kimojawapo NTNU cha Trondheim, Norway, chini ya mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus. Anayepata ufadhili wa mpango huo halipi ada na hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Waganda wamekwisha kupita hapo.

Hatua ya pili: chagua chuo kabla ya kuchagua mfuko

Ujerumani ndiyo ninayowaambia watu waanze nayo. Vyuo vikuu vingi vya serikali vya muziki huko havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango mdogo wa muhula. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo Stuttgart, Freiburg, Karlsruhe, Mannheim na Trossingen zina gharama ambayo sehemu nyingine nyingi haipo. Mzigo unaobaki ni wa kula na kulala. DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, lina skolashipu maalumu ya wahitimu wa muziki, na ni moja ya michache duniani inayosema wazi kwamba inalipia upigaji. Mwaka 2025 posho yake ilikuwa euro 992 kwa mwezi, takriban shilingi milioni 4. Ofisi yake ya kanda iko Nairobi.

Lakini shika mambo mawili. Kwanza, DAAD haikutafutii nafasi chuoni. Unaomba pesa kwao na nafasi kwa chuo, kila kimoja kivyake, na mara nyingi fomu ya pesa hutumwa miezi kadhaa kabla ya mtihani wa kuingia chuoni. Pili, kuna lugha. Vyuo vingi hutaka Kijerumani hata kwa mpiga ala. Anza masomo Goethe-Zentrum pale Kamwokya mwaka mzima kabla ya kuomba, usingoje barua ya kukubaliwa.

Uingereza ina Chevening, skolashipu ya serikali yake, na Waganda wanaifahamu. Inalipa ada, posho na nauli ya ndege. Hutaka saa 2,800 za kazi, na hapa wanamuziki hujidharau bure. Saa za kufundisha piano nyumbani kwa watu, kuongoza kwaya kwa malipo, hata kazi ya kujitolea, zote zinaweza kuhesabiwa. Andika daftari. Jumamosi moja ya harusi ni saa sita. Ila Chevening hulipia kozi ya miezi 9 hadi 12 tu, na uzamili wa upigaji katika vyuo vikubwa vya London mara nyingi ni wa miaka miwili. Mwaka wangu wa pili nilianguka kwa kosa la aina hiyohiyo: niliomba kozi ya miaka miwili kwa mfuko unaolipia mmoja. Insha zangu zilikuwa nzuri, nadhani hata hazikusomwa. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, tazama urefu wa kozi.

Tazama pia kalenda. Vyuo vingi vya muziki vya Uingereza hupokea maombi kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wao wa pamoja wa maombi, na tarehe ya mwisho kwa muziki huwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Anayesubiri majibu ya skolashipu ndipo aombe chuo, amechelewa tayari. Vyuo hivyo vina skolashipu zao za kuingilia ambazo hutolewa kwa kutazama usaili uleule. Nyingi hukata sehemu ya ada, si yote.

Marekani kuna utaratibu wa kuajiriwa msaidizi: chuo kinakusamehe ada na kukulipa posho, nawe unafundisha madarasa ya shahada ya kwanza au unaongoza kikundi. Vyuo kadhaa huko vina vikundi vya muziki wa Afrika vinavyohitaji kiongozi. Mtu anayejua kupiga amadinda (marimba ya vibao), adungu (kinubi) na engalabi (ngoma ndefu), na anayeweza kumfundisha mtu ambaye hajawahi kuvishika, ana kitu ambacho mpiga piano mia hawana. Mwandikie mkuu wa idara umuulize. Kuna pia vyuo visivyotoza ada kabisa. Yale School of Music, baada ya kupata zawadi ya dola milioni 100 mwaka 2005, haikuendelea kutoza wanafunzi wake, na Curtis ya Philadelphia imekuwa hivyo tangu 1928. Ushindani wake ni wa dunia nzima. Omba kama uko tayari, lakini usiweke mayai yako yote humo.

Na nyumbani? Makerere ina uzamili wa muziki katika idara ya sanaa za maonyesho na filamu, na gharama yake hailinganishwi na ya ng'ambo. Kama unafundisha kama msaidizi katika chuo kikuu chochote, uliza kuhusu pesa za kuendeleza wafanyakazi kabla hujaangalia nje. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kina idara ya muziki iliyoanza 1910, na kutoka Entebbe ni safari fupi kuliko ya Ulaya.

Hatua ya tatu: rekodi

Hapa nitakaa.

Rekodi yangu ya kwanza niliifanya Aprili, katika ukumbi wa shule wenye paa la mabati. Katikati ya kipande cha pili mvua ikashuka. Mnajua mvua ya Aprili juu ya mabati. Nilikuwa nimelipa mpiga piano wa kunisindikiza kwa siku hiyo tu, kwa hiyo niliendelea, na nikaituma hivyohivyo nikijipa moyo kwamba wataelewa. Hawakuelewa, na hawakuwa na sababu ya kuelewa. Wana mamia ya rekodi za kusikiliza.

Basi rekodi katika kiangazi. Kusini mwa Uganda ni Januari na Februari, au Juni na Julai. Julai ni bora zaidi, kwa kuwa maombi mengi hufungwa kati ya Oktoba na Desemba, na Septemba mvua zimerudi. Tafuta kanisa la matofali lenye dari, uombe siku ya katikati ya wiki, asubuhi na mapema, kabla bodaboda hazijajaa barabarani na kabla kengele ya shule ya jirani haijaanza kazi. Nenda siku moja kabla, ukae kimya dakika 20, usikilize ni nini kinachopita: jenereta, jogoo, adhana, fundi wa kuchomelea. Panga kazi yako katikati ya hivyo.

Simu nzuri inatosha kwa picha, ilaze kwa upana na uifunge kwenye kitu kisichotikisika. Sauti ndiyo ya kulipia. Azima au kodi kinasa sauti chenye maikrofoni mbili. Kwa tarumbeta kiweke mbali, hatua tano au sita, chini kidogo ya mlomo wa chombo. Kwa adungu au gitaa kisogeze karibu. Piga sehemu yenye kelele kuliko zote kwanza, urekebishe kiwango, kisha usikiguse tena. Uso na mikono vionekane muda wote. Usikate wala kuunganisha ndani ya kipande. Vyuo vingi hukataza, na msikilizaji mzoefu huligundua papo hapo.

Soma orodha ya vipande vinavyotakiwa na uifuate neno kwa neno. Wakitaka vipande viwili vya mitindo inayotofautiana, usitume vitatu. Kipande kilichoandikwa na piano kipigwe na piano, na piano hiyo ilinganishwe sauti wiki ileile. Nimesikia waimbaji wazuri sana wakiharibiwa na piano ya kanisa iliyolala nusu sauti chini.

Wapiga ala za asili wana kazi ya ziada. Amadinda ina vibao 12 na hupigwa na watu watatu: mmoja anaanza na okunaga, wa pili anaingia katikati yake na okwawula, wa tatu anashika okukoonera kwenye vibao viwili vya juu. Msikilizaji wa Ulaya husikia wimbo mmoja mtamu na hajui ni mkono gani wa nani. Kwa hiyo mwanzoni mwa video, kwa sekunde 30, piga sehemu yako peke yake, kisha wenzako waingie. Andika chini ya video ni sehemu ipi yako. Kama unapiga zote tatu, rekodi kila moja kivyake ukiwa umebadilisha kiti. Hakuna fomu inayokuambia ufanye hivi, lakini ndiyo njia ya kumwonyesha asiyejua kwamba unajua.

Pakia usiku intaneti ikiwa nyepesi, na ufungue kiungo kwa simu ya mtu mwingine kuhakikisha kinafunguka. Kisha usiiguse video hiyo mpaka majibu yatoke.

Hatua ya nne: mwandikie mwalimu

Kwenye upigaji unasoma kwa mtu. Chuo kikikupa nafasi lakini mwalimu unayemtaka hana nafasi, umepata nusu. Na mwalimu anayekutaka huenda akakutetea pesa zinapogawanywa. Barua iwe fupi, kwa lugha anayoisoma, na umbo lake liwe hivi:

"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mpiga tarumbeta kutoka Mbale, Uganda. Nilianza katika bendi ya shule, na nilimaliza shahada ya kwanza ya muziki mwaka jana. Ninatarajia kuomba uzamili wa upigaji katika chuo chenu kwa muhula wa Oktoba mwakani, na ninaomba pia skolashipu ya DAAD. Kiungo hiki kina dakika sita za upigaji wangu, Julai mwaka huu. Je, mna nafasi darasani mwenu mwaka huo, na mnaweza kunisikiliza katika somo moja kwa njia ya video? Nashukuru kwa muda wenu."

Basi. Usisimulie umaskini. Usiombe pesa kwake. Usiandike barua moja ukaituma kwa walimu 30, wengi wanafahamiana. Asipojibu kwa wiki tatu, mkumbushe mara moja tu.

Hatua ya tano: makaratasi na mapendekezo

Hili halihitaji maneno mengi. Chukua matokeo rasmi ya chuo mapema, kwa sababu huchukua muda kuliko unavyodhani. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000. Ikate kabla hujaomba chochote. Vyeti vya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, kama unavyo, viambatishe, hasa vya daraja la nane na diploma, maana kila chuo cha muziki kinavielewa bila maelezo.

Kwa mapendekezo, mchague anayekusikia ukipiga, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya mkuu wa idara inayosema wewe ni kijana mwenye nidhamu haisaidii kitu. Barua ya mwalimu wako wa ala inayoeleza ulivyofanya kazi na kipande kigumu kwa miezi minne inasaidia. Mpe wiki sita, mpe rekodi yako na insha yako, na umkumbushe kwa heshima. Wazee wetu hawapendi kusukumwa, lakini hukubali kukumbushwa na mtu aliyekuja na chai.

Na yeyote anayekuomba pesa ili "akupitishe" DAAD au Chevening ni mwizi. Maombi yao hayalipiwi.

Hatua ya sita: insha

Wanaokupa pesa watauliza utarudi na nini. Chevening hutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili na huuliza kuhusu uongozi. Usijibu kwa maneno mapana ya kukuza utamaduni. Taja mahali na watu. Bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kijana wa Iganga anayepiga tarumbeta ya shaba, na anayetaka kurudi kufundisha pumzi na midomo kwa wapuliza vibuyu wa kwao, ana insha tayari. Tafuta ya kwako. Ulifundisha wangapi, wapi, wako wapi sasa? Kwaya yako ilikuwa na watu 12 ikafika 40? Sema ulifanya nini hasa hata wakaongezeka.

Hatua ya saba: bajeti na pengo

Hata skolashipu nono huacha pengo. Lipo hata kabla hujapewa chochote: ada za usaili kwa kila chuo, mtihani wa lugha, mpiga piano, kinasa sauti, viza. Anayekwenda Ujerumani bila skolashipu huonyesha pesa za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu. Mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 45. Mwenye barua ya DAAD huonyesha barua.

Watu wetu huchangia, lakini huchangia kitu wanachokiona. Usiwaambie "nisaidieni niende Ulaya." Andaa onyesho moja kanisani au kwenye ukumbi wa shule uliyosoma, piga vipande vilevile vya usaili, na mlangoni bandika karatasi: mtihani wa lugha kiasi hiki, viza kiasi hiki, tikiti kiasi hiki. Shangazi mmoja atasema, "Viza niachieni mimi." Onyesho hilo hilo ni zoezi lako la mwisho mbele ya watu, na kila aliyechangia mpelekee ujumbe usaili ukiisha, hata kama hukupita. Mwaka utakaorudi kwao utahitaji wakukumbuke vizuri.

Hatua ya nane: umepata, sasa chombo kinasafirije

Barua ikifika, soma masharti yote kabla ya kusaini, hasa kuhusu kufanya kazi na kuhusu familia. Halafu angalia ngozi ya chombo chako. Engalabi ya asili huwambwa ngozi ya kenge, na kenge yumo kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama wa porini. Ukifika uwanja wa ndege wa Ulaya bila kibali, forodha wana haki ya kuichukua. Kibali hutolewa kupitia Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, kwa hiyo nenda miezi miwili kabla ya safari ukiwa na picha za chombo na barua ya chuo. Au mwone fundi akuwambie nyingine isiyo na ngozi ya mnyama wa porini, uizoee mapema, na ile ya kenge uiache nyumbani kwa mtu atakayeipiga, maana ngoma isiyopigwa ngozi yake hulegea.